Je, Wajua Kwa Nini Kompaila Hukuonya Kisha Ikaijenga Programu Vilevile?

Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, hulalamika kwa namna mbili. Likiwapo kosa, kazi husimama. Likiwapo onyo, programu hujengwa hadi mwisho. Wengi hudhani kwamba tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa hatari, lakini sivyo. Kosa ni kuvunja kanuni za lugha, ilhali onyo aghalabu hutolewa pale msimbo unapokuwa halali, ila kompaila inashuku kwamba aliyeuandika alikusudia jambo jingine.

Chukua lugha ya programu ya C. Mtu anayetaka kuuliza kama x ni sawa na 5 huandika if (x == 5). Akisahau alama moja ya usawa, swali hugeuka kuwa amri: x inapewa thamani ya 5, na kwa kuwa 5 si sifuri, sharti hilo huwa la kweli daima. C inaruhusu jambo hilo, na wapo wanaolifanya kwa makusudi; ndiyo maana GCC na Clang, kompaila mbili za C, zikishatoa onyo, hunyamaza mara mwandishi anapoongeza mabano ya pili, if ((x = 5)), kuthibitisha kwamba anajua anachofanya. Ulinganisho wa namba hujificha zaidi. Kigeu (jina linalohifadhi thamani) chenye -1 kikilinganishwa na kigeu kisichopokea namba hasi chenye 1, jibu litakuwa kwamba -1 ndiyo kubwa, kwa sababu katika biti 32 hiyo -1 hugeuzwa kwanza kuwa 4294967295.

Kwa nini basi maonyo yote yasiwashwe tangu mwanzo? Kwa sababu mengi huangukia msimbo usio na dosari, na anayeonywa mara mia bila sababu huacha kusoma. Kwa hiyo chaguo la -Wall la GCC, linalowasha maonyo mengi kwa pamoja, huacha nje maonyo kadhaa, na ulinganisho ule wa -1 katika C hauonywi na -Wall pekee, hadi liongezwe chaguo jingine kama -Wextra. Uteuzi huo una gharama yake. Mwaka 2014 iligundulika kwamba katika msimbo wa usalama wa Apple mstari wa goto fail, amri ya kurukia mwisho wa ukaguzi, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo, hivyo hatua ya mwisho ya kuhakiki saini ikarukwa kila mara. Clang ilikuwa na onyo kuhusu msimbo usiofikika, yaani usioweza kutekelezwa kamwe, lakini halikuwa miongoni mwa yale ya -Wall.

Lipo pia chaguo la -Werror, linalogeuza kila onyo kuwa kosa. Kwa maoni yangu linawafaa wanaoitunza programu, si wanaoipokea, maana toleo jipya la kompaila huja na maonyo mapya na kuangusha msimbo uliojengeka jana.

Hata hivyo, onyo lililonyamazishwa bila kueleweka laweza kudhuru kuliko lililopuuzwa. Mwaka 2006, ili kunyamazisha zana za kukagua kumbukumbu zilizolalamikia data isiyoanzishwa, yaani isiyopewa thamani kwanza, mistari miwili iliondolewa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ya Debian, mfumo endeshi wa Linux. Mmoja wao ndio uliokuwa ukiingiza data ya kubahatisha katika utengenezaji wa funguo za siri. Hadi dosari hiyo ilipotangazwa Mei 2008, kilichobaki kutofautisha funguo kilikuwa kitambulisho cha mchakato, namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, hivyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo uwezekano ulikuwa takribani 32,768 tu, idadi ambayo mshambuliaji angeweza kuijaribu yote.