Kula saa ngapi usiku wa flamenco

Wageni ninaowatembeza Madrid na Sevilla huuliza swali moja kabla ya mengine yote: tukate tiketi ya onyesho la flamenco, muziki na ngoma ya Kihispania, pamoja na chakula cha jioni, au ya kinywaji tu? Kama ni mara yako ya kwanza, kata ya kinywaji, na pesa iliyobaki uitumie kupata kiti cha mbele.

Tablao, mahali flamenco inapochezwa, ni ukumbi mdogo wenye meza zilizosogeleana na jukwaa la mbao, na mbao zile ni ala ya muziki kama gitaa lenyewe. Viatu vya mchezaji vimepigiliwa misumari midogo kwenye ncha na kwenye kisigino. Ukikaa karibu unasikia ncha ikinong'ona, kisigino kikijibu, kisha vyote viwili vinakimbizana. Ukikaa nyuma, kwenye milio ya visu na sahani, unabaki na kishindo tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Wasanii unaowaona mara nyingi hawakufanya mazoezi ya pamoja kwa usiku ule. Pengine wawili kati yao wamekutana jioni ile ile. Wanaelewana kwa ishara. Mchezaji akipiga miguu kwa namna fulani, anamwita mwimbaji aanze ubeti. Akikata ghafla na kusimama, mpiga gitaa naye amekwisha kukata. Soleá, alegrías na bulería, ambazo ni aina za nyimbo za flamenco, zote huenda kwa mzunguko wa mapigo 12, na katika hesabu inayofundishwa sana mkazo huangukia la 3, 6, 8, 10 na 12. Mazungumzo hayo yanapita haraka mno. Ukiinama kukata nyama, yamekupita, na hakuna atakayeyarudia kwa sababu hayakuandikwa popote.

Sisemi chakula hakina nafasi. Flamenco ya jukwaani ilikulia kwenye meza za vinywaji: mwimbaji Silverio Franconetti alifungua mkahawa wake wa nyimbo mjini Sevilla mwaka 1881, na Corral de la Morería ya Madrid, iliyofunguliwa mwaka 1956, leo ina jiko lenye nyota ya Michelin, tuzo ya mikahawa bora. Ila hata pale, ukitaka kuonja kwa makini, kula kwanza. Kumbi ninazoziheshimu huondoa sahani kabla gitaa halijaanza. Ile inayopitisha wahudumu mbele yako wakati mwimbaji yuko katikati ya soleá, mimi huko sipeleki wageni tena.

Msomaji aliyezoea taarab atakuwa na hamu ya kuinuka na kutuza pale ubeti unapomgusa. Huku hamu hiyo hutolewa kwa mdomo: sema olé, tena kwa wakati wake, mwimbaji anapomaliza mstari au mchezaji anapokata. Makofi waachie walio jukwaani. Makofi yao yanaingia katikati ya mapigo, na meza moja ikipiga ovyo inawayumbisha wote.

Onyesho huchukua kama saa moja. Ukiingia la mapema, utatoka wakati Wahispania wenyewe ndiyo wanaanza kufikiria kula, maana kwao saa 3 usiku bado ni mapema. Sevilla, tafuta baa ya mtaani uagize mchicha uliopikwa na dengu, kamba waliokaangwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, au tortilla yao, ambayo ni mayai na viazi. Kwa asiyekula nguruwe: salmorejo, supu baridi ya nyanya na mkate, inaonekana haina nyama, lakini kwa kawaida hunyunyiziwa juu vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa. Mwambie mhudumu "sin jamón", yaani bila paja hilo, unapoagiza, na uulize pia kuhusu mchuzi wa kila chakula cha kupikwa.