Megapikseli 20 hazioni kitu ambacho lenzi haijakiona

Juzi tena nimepigiwa simu, "fundi, picha zetu hazitoki vizuri, tumeshanunua kamera ya megapikseli 20, njoo utufungie." Hata sijauliza lenzi gani, kamera imeshalipiwa. Kazi yangu ni kufunga kamera na mota kwenye maikroskopu na kuandika programu ya kuziendesha, na hii simu nimeshaipokea mpaka naijua kabla mtu hajamaliza salamu.

Watu wanaamini megapikseli zikiwa nyingi utaona vitu vidogo zaidi. Jamani, hapana. Kinachoamua uone kitu kidogo kiasi gani ni lenzi, tena sio ile 100 ya ukuzaji ambayo kila mtu kaikariri, ni namba inayoifuata. Zungusha lenzi yako usome, nyingi zimeandikwa 100/1.25 Oil. Hiyo 1.25 ndio NA (numerical aperture, yaani lenzi inakusanya mwanga kwa pembe pana kiasi gani), na ndio mwenye nyumba, wengine wote wapangaji. Mwanafizikia Ernst Abbe kule Ujerumani aliyamaliza haya mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, gawa kwa NA mara mbili. Mwanga wa kijani ni kama nanomita 550, gawa kwa 2.5 unapata 220. Vidoa viwili vikikaribiana kuliko hapo vinaungana vinakuwa kimoja, na ukiweka kamera kubwa zaidi unapata doa lile lile tu ila limechorwa kwa pikseli nyingi.

Piga hesabu ya hiyo kamera sasa. Pikseli zake ni mikroni 2.4, kwa hiyo kwenye lenzi ya 100 kila pikseli inabeba nanomita 24 za slaidi. Kwenye zile 220 unahitaji pikseli mbili, haya tuseme tatu, wewe unazo tisa. Sita zinakula diski bure, maana picha moja ya megapikseli 20 bila kubanwa ni kama megabaiti 60, ukipiga picha sehemu 100 za tone nene (lile la damu la kupimia malaria) umeshajaza gigabaiti 6 kwa mgonjwa mmoja, halafu unanipigia tena kwamba kompyuta inaganda. Faida ya sensa kubwa ya kamera ni kuona eneo pana kwa mara moja, hapo sibishi, ila lenzi yako isipokuwa ya plan (iliyotengenezwa itoe picha safi mpaka pembeni) utapata katikati safi na pembeni ukungu.

Na wale wanaotangaza maikroskopu ya "mara 2000" ni hadithi ile ile. Ukuzaji wenye maana unaishia kama mara 1000 ya NA, kwa hiyo lenzi ya 1.25 mwisho wake ni 1250 hivi. Ukiongeza lenzi ya jicho ya 20 umekuza ukungu tu.

Basi nikaenda. Kabla ya kufungua boksi la kamera nikachomoa lenzi ya 40, nikatoa na lenzi ya jicho nikaigeuza kichwa chini kuitumia kama kioo cha kukuzia (ukichukua kitu kimoja kwenye maneno yangu yote chukua hiki, haikugharimu hata shilingi). Mbele ya lenzi kuna mafuta yameganda mpaka yamekuwa ya njano. Lenzi ya 40 ni ya kavu! Mtu anatoka kwenye 100 na mafuta yake, anarudisha 40 juu ya slaidi ile ile, inajichovya, kesho hivyo hivyo. Nikafuta kwa karatasi ya lenzi na spiriti kidogo. Halafu kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga, ilikuwa imeshushwa mpaka chini na dayaframu yake, tundu la kupitishia mwanga, imebanwa, eti "mwanga ulikuwa mkali". Mwanga ukiwa mkali punguza taa, kondensa iache juu, maana ukiishusha na kuibana unaikata ile NA uliyoilipia na lenzi yako ya 1.25 inafanya kazi kama ya bei rahisi. Nikapandisha, nikafungua dayaframu karibu robo tatu, nikatumia kamera yao ya zamani ya megapikseli 5. Kukawa kimya kidogo pale ndani.

Imani nyingine za namna hii nazipitia haraka haraka.

"Mota yenye hatua ndogo ndio fokasi sahihi." Hatua ndogo kwenye karatasi, sawa. Gia zina mchezo, ukigeuza mwelekeo mota inazunguka na steji (meza ya kuwekea slaidi) haijasogea. Pima mwenyewe: tafuta mkwaruzo kwenye slaidi, panda hatua 50, shuka 50, uone kama picha imerudi pale pale. Haitarudi. Kwenye lenzi ya 100 kina cha fokasi ni kama nusu mikroni, hakuna pa kukosea, kwa hiyo programu ifike kwenye fokasi kutoka upande mmoja kila mara, ikizidisha irudi nyuma zaidi halafu ije upya.

"Plastiki ya kuprinti ni ya kuchezea." OpenFlexure, maikroskopu ya kujiundia, imeprintiwa kwa plastiki ya PLA, ndani ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na vimota vya bei poa, na inasogea chini ya mikroni 0.1 kwa hatua kwa sababu steji haitelezi, plastiki yenyewe inapinda, steji yenyewe haina mchezo, ingawa gia za vimota bado zinao. Bongo Tech & Research Labs pale Dar wanaziunda, na taasisi ya afya ya Ifakara wameshazijaribu kwenye malaria. Usiiache tu kwenye gari juani, PLA inalegea kwenye nyuzi 60 hivi.

"Programu itaisafisha picha." Itaipendezesha. Kimelea ambacho lenzi haikukitenganisha programu itakibuni, na wewe utakihesabu.

Na mafuta ya kupikia sio mafuta ya lenzi. Kioo na mafuta ya lenzi vyote ni kama 1.515 kwenye kupinda mwanga, alizeti ni kama 1.47, na yakikauka pale mbele ya lenzi mnanipigia mimi.