Je, Wajua Kwa Nini The Mousetrap Haijawa Filamu ya Uingereza?

Mchezo wa jukwaani The Mousetrap, fumbo la mauaji la mwandishi Mwingereza Agatha Christie, ulianza kuonyeshwa West End, eneo la majumba ya maonyesho jijini London, Novemba 25, 1952. Ukiacha miezi ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021, haujapumzika. Kila onyesho likiisha, watazamaji huombwa wasimtaje muuaji kwa mtu yeyote. Wengi hutii, ingawa intaneti imeshamwaga mtama penye kuku wengi na jina hilo halimchukui mtu dakika moja kulipata.

Mbona basi Waingereza hawajautengenezea filamu? Kilichowazuia ni mkataba. Mwaka 1956 mtayarishaji John Woolf alinunua haki za filamu kwa sharti moja: asianze kazi mpaka mchezo uwe umeondoka jukwaani kwa miezi sita. Sharti jepesi, ungedhani. Christie mwenyewe alikadiria mchezo wake ungedumu miezi minane tu! Woolf alifariki mwaka 1999, na tiketi zilikuwa bado zinauzwa.

Je, kumjua muuaji mapema kunaua utamu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakidokezwa mwisho wake kabla ya kusoma. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliodokezwa ndio waliozifurahia zaidi, japo kwa tofauti ndogo. Tafiti nyingine za baadaye zilipata kinyume chake. Mimi nitaendelea kuziba masikio.

Murder on the Orient Express, riwaya ya Christie ya 1934, ilitengenezwa filamu mwaka 1974 na tena 2017, na fumbo halikubadilishwa. Watu walikwenda kuwaona waigizaji wakubwa na masharubu ya mpelelezi wake, Poirot. Ujanja wa kweli uko kwenye riwaya yake And Then There Were None ya 1939. Christie alipoigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1943, aliubadilisha mwisho kwa mkono wake, akaufanya usiwe mzito kama wa kitabuni. Filamu ya 1945 ikafuata mwisho huo wa jukwaani, hivyo aliyekuwa ameshasoma kitabu na kuingia sinema akijiona mjuzi alitoka ameduwaa. Warusi ndio waliokataa kulainishiwa: filamu yao ya 1987 iliurudisha mwisho wa riwaya, pamoja na uchungu wake wote.