Wayland au X11: takwimu zinahesabu nini hasa?

Wayland na X11 ni mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini ya Linux; X11 ndiyo ya zamani, na Xorg ni seva yake. Ukisikia watumiaji wa Linux wanahamia Wayland, usidhani kila mmoja alipima akachagua. Wengi wamehamishwa na distro zao, yaani mifumo kamili iliyojengwa juu ya Linux, kama Fedora na Ubuntu. Fedora 25, mwaka 2016, ilianza kufungua eneokazi la GNOME kwenye Wayland bila kumuuliza mtu. Ubuntu ikafuata na 17.10, ikarudi Xorg kwenye 18.04, kisha ikahamia tena kwenye 21.04, huku wenye kadi za NVIDIA wakibakizwa Xorg. Plasma 6, eneokazi la KDE, ilianza kufunguka kwenye Wayland Februari 2024, na Ubuntu 25.10 imekiondoa kabisa kipindi cha GNOME cha Xorg. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu asilimia za watumiaji wa Wayland na X11, tazama tarehe za matoleo.

Asilimia zenyewe zina mtego. Programu isiyojua Wayland hupitia Xwayland, yaani seva ya X inayoendeshwa ndani ya Wayland. Programu hiyo haioni tofauti. Ikiulizwa iko wapi, itajibu X11. Kosa baya zaidi ni la skripti zinazokagua `$DISPLAY` pekee: kigeu hicho huwekwa hata kwenye Wayland, kwa ajili ya Xwayland hiyohiyo.

Ili kuhesabu sawasawa, fungua terminali ndani ya eneokazi lenyewe uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu ni `wayland` au `x11`. Ukifanya hivyo kupitia SSH, yaani ukiingia kwenye kompyuta kwa mbali, utapata `tty`, jibu lisilokusaidia kitu. Kisha endesha `xlsclients`: chini ya Wayland, itakuorodheshea programu ambazo bado zinategemea X.

NVIDIA ndiyo iliyochelewesha wengi. Draiva zake zilitumia EGLStreams wakati karibu kila eneokazi lilijengwa juu ya GBM; hizi ni njia mbili tofauti za draiva kukabidhi picha kwa eneokazi. Toleo la 495 la draiva hizo, mwaka 2021, likaleta GBM. Madirisha ya Xwayland yakaendelea kumetameta hadi 555, mwaka 2024, iliyoleta ulinganishaji wa wazi wa fremu. Kagua kwa `sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset`. Ikitoka `N`, ongeza `nvidia-drm.modeset=1` kwenye vigezo vya kerneli, kisha washa upya.

Waliobaki Xorg si wakaidi wote. Maeneokazi ya Cinnamon na Xfce bado yanaiweka Wayland kwenye majaribio. Wengine wanategemea `xdotool`, zana ya X11 inayobonyeza vitufe kwa niaba yako, na hapo hakuna njia ya mkato: Wayland kwa makusudi hairuhusu programu moja kubonyeza vitufe ndani ya nyingine. Mbadala wake, `ydotool`, hufanya kazi kwa kupitia `uinput` ya kerneli, inayoiga kibodi na kipanya, lakini lazima uipe ruhusa ya kuandika kwenye `/dev/uinput`, na haiwezi kutafuta dirisha kwa jina.