Maji hupitia wapi? Kutoka Onkalo hadi Kibirizi

Mimi ni mtaalamu wa maji ya ardhini hapa Kigoma, na kila ninapoeleza jinsi taka za nyuklia zinavyozikwa, wasikilizaji hushtushwa na neno "mionzi" kabla sijafika mbali. Hofu hiyo ina msingi: plutoniamu-239, mojawapo ya vitu vinavyobaki katika mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika vinuni, huchukua takriban miaka 24,100 kupungua nusu tu.

Ndiyo maana Ufini imechimba mahandaki ya Onkalo, kisiwani Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mpango ni kuyatia mafuta hayo katika mitungi ya chuma iliyovikwa shaba, kisha kuizungushia bentonaiti, udongo ambao ukilowa huvimba na kuziba nyufa. Ukichunguza utaona kwamba karibu kila tabaka limewekwa kumzuia adui mmoja, naye ni maji, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kuila mitungi, kuyeyusha kilichomo na kukibeba hadi visimani.

Swali hilo, la maji hupitia wapi, sisi hatulipeleki kwenye taka zetu wenyewe, na hili linaniuma. Tunaogopa kitu kwa ugeni wake. Tulichokizoea tunakiruka kila asubuhi. Mwezi uliopita nilisimama kando ya shimo la taka lililochimbwa kwenye mteremko juu ya Kibirizi, ambako dagaa huanikwa. Ndani mlikuwa na betri ya gari iliyopasuliwa, mabamba yake ya risasi, ile metali yenye sumu, yakimeng'enyuka kuwa unga wa kijivu, na mvua ilikuwa imeshakata mfereji kutoka ukingoni kuelekea ziwani.

Plutoniamu, pamoja na ukaidi wake, hupungua. Risasi haipungui, miaka milioni ikipita itakuwa risasi ileile. Tena Ziwa Tanganyika hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na mto unaotoka humo ni Lukuga peke yake. Mvuke hauchukui risasi.

Nilimwuliza kijana aliyelichimba shimo lile maji ya masika hupitia wapi. Hakusita: alinyoosha kidole, akaufuata mfereji kwa jicho hadi kwenye mchanga wa dagaa, akaniambia kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.