Zhao Kuo alivisoma vitabu vyote: falsafa ya kale ya vita ya China na mafunzo ya maofisa

Mwaka 260 KK, mfalme wa dola ya Zhao, kaskazini mwa China, alimwondoa jemadari wake mkongwe Lian Po katika uwanja wa Changping, akamweka Zhao Kuo. Lian Po alikuwa amejichimbia nyuma ya ngome na hataki kutoka, akisubiri jeshi la dola hasimu ya Qin, lililo mbali na kwao, lichoke lenyewe. Mfalme aliona huo ni woga. Majasusi wa Qin nao walikwisha kueneza uvumi kwamba mtu pekee wanayemhofia ni Zhao Kuo, na uvumi ukafika ulikokusudiwa.

Zhao Kuo alikuwa mtoto wa jemadari mashuhuri, na vitabu vya vita alivisoma tangu utotoni. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, anasema hata baba yake hakuweza kumshinda kwa hoja, lakini hakuwahi kumsifu. Vita ni mahali pa kufia, mzee alimwambia mkewe, na huyu kijana anavizungumza kirahisi mno. Siku ya uteuzi mama alimwandikia mfalme kumsihi abadili uamuzi. Hakugusa mbinu za vita hata kidogo. Alisema mumewe alikuwa akiwagawia maofisa wake zawadi za mfalme, na akishapewa amri ya vita haulizi tena habari za nyumbani. Mtoto wake zawadi anazifungia ndani, na kila siku anatafuta ardhi ya kununua. Nimeona fomu nyingi za tathmini za maofisa zisizofikia maelezo hayo.

Mfalme alishikilia lake. Zhao Kuo akatoka ngomeni kushambulia. Qin wakajifanya wanarudi nyuma, kumbe wamekwisha kumleta kwa siri jemadari wao hodari, Bai Qi, na vikosi vyake vikazunguka nyuma kukata njia ya chakula. Jeshi la Zhao likakaa siku 46 bila chakula, na Zhao Kuo akauawa akijaribu kupenya. Sima Qian anataja waliosalimu amri kisha wakauawa kuwa zaidi ya 400,000. Wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo imekuzwa.

Alichokosea Zhao Kuo kilikuwemo humo humo vitabuni. *Sanaa ya Vita* ya Sun Tzu, jemadari wa kale wa China, yenye sura 13 fupi, inaanza na hesabu: kabla ya kuondoka, pima mshikamano wa raia na mtawala, majira, ardhi, jemadari mwenyewe, na nidhamu pamoja na ugavi. Sura ya pili yote ni gharama. Kipimo kimoja cha chakula kilichotwaliwa kwa adui ni sawa na 20 vilivyosafirishwa kutoka nyumbani, kwa kuwa safari yenyewe hula mzigo. Luteni usu anayepanga doria ya siku tatu ana hesabu hiyo hiyo mbele yake: maji, betri za redio, na majeruhi watabebwa na nani.

Sura ninayoipenda kwa kufundishia ni ya nane, yenye kasoro tano za jemadari. Asiyejali kufa atauawa. Anayeng'ang'ania uhai atatekwa. Mwenye hasira za haraka atachokozwa. Anayelinda mno jina lake ataaibishwa. Na anayewahurumia mno watu atasumbuliwa. Hiyo ya mwisho huzua ubishi darasani, na ubishi ni halali. Ukizitazama vizuri, nyingi kati ya hizo ni sifa njema zilizopita kiasi. Mkufunzi makini atamtungia mwanafunzi zoezi linalombana pale pale anapojivunia.

Sura hiyo hiyo inasema zipo amri za mtawala zisizopaswa kufuatwa. Hapa lazima tuwe waangalifu. Iliandikwa kwa jemadari aliye mbali na ikulu kwa siku nyingi za farasi. Sisi wa Afrika Mashariki, wenye kumbukumbu ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 katika Tanganyika, Uganda na Kenya, tunapaswa kuifundisha ikiwa na mpaka wake: ofisa awe na uhuru wa kuamua namna ya kutekeleza agizo, si uhuru wa kuamua kama serikali ya kiraia itiiwe.

Kile kisa cha Sun Tzu kupewa wanawake wa ikulu awafunze gwaride, akawakata vichwa masuria wawili wa mfalme ili gwaride linyooke, ningekiacha kabisa. Kitabu chenyewe kinaonya kwamba ukiwaadhibu askari kabla hawajakuzoea, hawatakutii.

China yenyewe ilionja hatari ya kukariri. Mwaka 1080, chini ya mfalme Shenzong wa enzi ya Song, maandiko saba ya vita yalikusanywa yawe mtaala rasmi wa maofisa. Kufikia karne ya 19, mtihani wa kijeshi ulikuwa upinde, kuinua mawe, na kuandika kifungu ulichokariri. Ulifutwa mwaka 1901. Kikosi cha Marine cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mpya wa vita mwaka 1989, kilimnukuu Sun Tzu, lakini mkazo ulikuwa kumfundisha ofisa kuamua akiwa na taarifa nusu nusu.

Kwa mazoezi ya namna hiyo, kisa bora ni cha Sun Bin, mpanga mikakati wa jeshi la dola ya Qi, anayetajwa kuwa mzao wa Sun Tzu. Karibu mwaka 341 KK, akiwa ndani ya nchi ya adui, Wei, aliamuru jeshi liwashe majiko 100,000 siku ya kwanza, 50,000 ya pili, 30,000 ya tatu. Pang Juan, jemadari wa Wei, aliamini zaidi ya nusu ya adui wametoroka. Akaacha askari wa miguu, akakimbiza kwa kikosi chepesi, akaangukia mtegoni Maling usiku ulipoingia.

Ondoa majina, mpe mwanafunzi hizo ripoti tatu tu pamoja na ramani, na dakika kumi za kutoa amri. Kisha muulize nani aliyahesabu majiko, akiwa umbali gani, na kama kuna mtoro hata mmoja aliyekamatwa na kuhojiwa.