Wanaotuita Washika Bunduki wamekosea silaha

Kila wikiendi kibanda umiza lazima atokee mtu wa kusimulia historia ya Arsenal kwa kujiamini kabisa, na nusu ya anayosema sio kweli. Wengi ni mashabiki wenzangu, hapo ndo panaponiuma. Wacha nianze na jina.

Magazeti yetu na watangazaji wanatuita Washika Bunduki, wengine Washika Mitutu, mtu akisikia anajua ni habari ya bunduki za mkononi. Hapana jamani, ni MIZINGA. Angalia nembo, ule ni mzinga wa magurudumu. Nembo ya mwanzo kabisa ya 1888 ilikuwa na mizinga mitatu imesimama wima, ukiiona haraka unadhani ni machimney, yaani mabomba ya moshi ya kiwanda, na wapo wanaobisha mpaka leo kwamba ni machimney. Mizinga inatokana na Royal Arsenal, kiwanda cha silaha cha serikali pale Woolwich, maana waliounda timu walikuwa mafundi wa humo humo. Halafu kuna kitu nakipenda sana, neno lenyewe arsenal asili yake ni Kiarabu, dar as-sina'a, yaani nyumba ya ufundi, nyumba ya kutengenezea vitu. Waitaliano walilichukua kwa ajili ya karakana zao za meli ndo likasafiri mpaka Uingereza. Dar hiyo ndo Dar ya Dar es Salaam, na sina'a ina mzizi mmoja na sanaa yetu. Kwa hiyo Mswahili akitamka Arsenal anatamka neno ambalo ndugu zake anao mdomoni kila siku.

Dhana ya pili, eti Arsenal ni timu ya London kaskazini toka izaliwe. Woolwich iko kusini mashariki, ng'ambo ya mto Thames! Mwisho wa mwaka 1886 wafanyakazi wa karakana moja inaitwa Dial Square walichangishana hela wakanunua mpira, tarehe 11 Desemba wakacheza mechi ya kwanza wakaipiga Eastern Wanderers 6-0, na wakabaki huko kusini zaidi ya miaka 26. 1893 wakawa timu ya kwanza ya kusini mwa Uingereza kuingia kwenye ligi. Ila Woolwich ilikuwa mbali, watazamaji wachache, madeni yakapanda mpaka 1910 timu ikawa mahututi, Henry Norris ndo akaichukua. Msimu wa 1912/13 walishinda mechi 3 tu kati ya 38 wakashuka daraja, wa mwisho kabisa. Mwaka huo huo wa 1913 ndo wakahamia kaskazini, Highbury, kwenye uwanja wa chuo cha dini, wakakodi miaka 21 kwa pauni 20,000, na chuo kikaweka masharti: hakuna mechi Ijumaa Kuu wala Krismasi, na pombe isiuzwe. Masharti hayo yaliondoka 1925 klabu ilipoinunua ardhi.

Ndo maana nashangaa mtu akisema timu imepewa jina la mtaa, ushahidi wake eti kuna stesheni ya treni inaitwa Arsenal. Ni kinyume chake. Stesheni ilikuwa inaitwa Gillespie Road, kocha Herbert Chapman akawasumbua wenye reli mpaka wakaibadilisha 1932. Timu ndo imeipa stesheni jina.

Jezi nayo. Nyekundu yetu ni zawadi, tumepewa na Nottingham Forest. Kina Fred Beardsley na Morris Bates walikuwa wamechezea Forest kabla ya kuja kufanya kazi Woolwich, wakaandika kuomba msaada, Forest wakatuma jezi zao, nyekundu iliyoiva kama ile tuliyovaa 2005/06 kuiaga Highbury. Mikono meupe imekuja baadaye sana, Machi 1933, enzi za Chapman huyo huyo.

Sasa ya 1919, hii mashabiki wa Spurs, yaani Tottenham, wapinzani wetu wa London kaskazini, hawaisahau. Wao wanasema tulihonga kupanda daraja, wa kwetu wanajibu tulipanda kwa haki uwanjani. Wote wanakosea. Msimu wa mwisho kabla ligi haijasimama kwa vita, 1914/15, Arsenal walikuwa daraja la pili na hawakumaliza hata kwenye nafasi mbili za juu. Vita ilipoisha ligi ikaongezwa kutoka timu 20 mpaka 22, nafasi moja ikapigiwa kura, Arsenal 18, Spurs 8, na Spurs waliokuwa wameshika mkia daraja la kwanza wakashuka. Maneno kwamba Norris alicheza rafu yapo miaka yote lakini ushahidi wa hongo haujawahi kutolewa. Mimi binafsi naona kura ile haikuwa ya haki kwa timu zilizomaliza juu yetu, na kulisema hilo hakunipunguzii ushabiki. Toka hapo hatujashuka tena.

Kuhusu kutofungwa 2003/04, msimu tuliomaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, sio kweli kwamba hakuna aliyewahi, Preston walifanya hivyo 1888/89 ila kwa mechi 22, sisi 38, ushindi 26 na sare 12. Na sio kweli kwamba hatukufungwa mwaka mzima, ni kwenye LIGI tu, nusu fainali ya Kombe la FA tulitolewa na Man U na Ulaya tulitolewa na Chelsea. Mechi zilifika 49 bila kupoteza, na rekodi tuliyoivunja, ile ya 42, ilikuwa ya Forest, wale wale waliotuvisha.

La mwisho ni lile la "hamna kombe la Ulaya". Wanaume walibeba Fairs Cup 1970 na Kombe la Washindi 1994 mbele ya Parma, yote makombe ya Ulaya ya zamani, fainali kubwa ya 2006 Barcelona wakatuzidi 2-1, sawa, inauma. Ila kina dada wa Arsenal wamelichukua kombe kubwa kabisa la Ulaya 2007, wakalichukua tena Mei 2025 pale Lisbon, 1-0, goli la Stina Blackstenius, na waliofungwa ni Barcelona.